Tukague Mizani Kabla ya Kupima Akili



Ndugu zangu, Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja katika vipimo. Wengi wetu tukiisoma tunafikiria mizani ya sokoni Arua. Mimi naona jaribio la akili nalo ni mizani, na anayepunjwa hapo ni mtoto.

Mizani hii ikaguliwe kwa maswali mawili.

La kwanza: je, inapima kile inachodai kupima? Inasimuliwa kuwa wanazuoni wa Baghdad walimjaribu Imamu Bukhari kwa hadithi 100 zilizochanganywa isnadi, naye akairudisha kila isnadi kwenye matini yake. Walitaka kujua hifdhi yake ya hadithi, wakaipima kwa hadithi. Hicho ni kipimo sahihi. Lakini mtoto wa Koboko anayezungumza Kikakwa au Kinubi nyumbani, akipewa maswali ya akili kwa Kiingereza, huenda tukapima Kiingereza chake tu.

La pili: je, inawapima wote kwa haki? Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha utafiti wa watoto wa Zambia na Uingereza walioambiwa waige maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huundia vigari vya kuchezea, Wazambia waliwapita. Kwa udongo walikaribiana. Watoto ni walewale; kilichobadilika ni kifaa.

Basi tuyatupe majaribio? Hapana. Bila kipimo tutahukumu kwa nguo za mtoto au jina la baba yake, na hiyo ni dhuluma kubwa zaidi. Paul Bangirana wa Makerere na wenzake walikikagua kipimo cha Kaufman, kilichotungwa Marekani, kwa watoto wa Uganda waliowahi kuugua malaria ya ubongo. Huo ndio mwendo: kagua kwanza, kisha tegemea.

Likizo hii, tukiombwa kuwagawa watoto wa madrasa kwa madarasa, Arua au Koboko, tufanye hivi: tueleze swali kwa lugha ya mtoto, tumpe mfano wa kujaribia kwanza, tusimkimbize kwa saa bila sababu, tumuulize mwalimu wake anamwonaje, na baada ya wiki chache tumpime tena.

Tusimwite mtoto mjinga kwa alama za siku moja. Neno hilo atatembea nalo miaka mingi, nasi tutaulizwa kwalo.

Wallahu a'lam.