Dhamana ya Ardhi: Funzo la Kisiwa cha Saanane

Katika baadhi ya nchi, vyama vya hiari hulinda mandhari ya asili kwa kununua ardhi au kuipokea kama zawadi, kisha huiweka katika dhamana ili isiharibiwe. Chama kimoja mashuhuri cha namna hiyo, National Trust, kiliundwa Uingereza mwaka 1895.

Nchini Tanzania njia hiyo haiwezi kufuatwa vivyo hivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwananchi huwa na haki ya kuitumia. Kwa hiyo, ardhi inapotwaliwa ili ihifadhiwe, mahali pa bei huchukuliwa na fidia.

Mfano mzuri ni Kisiwa cha Saanane, chenye majabali makubwa, karibu na Jiji la Mwanza. Kilipata jina lake kutokana na Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo. Serikali ilimlipa fidia, naye akahama. Mwaka 1964 ikaanzishwa hapo bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Na mwaka 2013 kisiwa kikawa Hifadhi ya Taifa. Hivyo pimbi na mijusi wangali na makao yao mbele ya jiji linalozidi kupanuka.

Faida ya hifadhi ni ya wote, bali gharama yake ya kwanza humwangukia anayehama. Ndiyo sababu sheria hudai fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Fidia ikikosekana, umma hupata hifadhi kwa kumdhulumu mmoja wao.