Somo la Sita: Kuweka na Kuondoa Cheti cha Majaribio Kwenye Kompyuta

Katika mji wa Igunga, kama ilivyo Nzega na Tabora, kompyuta moja ya steshenari huwahudumia watu wengi. Asubuhi mhitimu huitumia kuombea ajira, mchana mkulima wa pamba hufungua barua pepe yake, na jioni kijana anayejifunza kutengeneza tovuti hufanyia mazoezi yake. Somo hili linahusu kitu ambacho mtumiaji wa jioni aweza kukiacha nyuma bila nia mbaya, nacho kikamdhuru wa asubuhi.

Cheti ni nini?

Unapofungua tovuti ya benki, kivinjari hudai cheti kinachothibitisha kwamba tovuti hiyo ndiyo yenyewe. Cheti hukubaliwa iwapo kimetiwa sahihi na mamlaka ya vyeti iliyomo katika orodha ya kuaminiwa ya kompyuta. Mfano wake ni barua ya utambulisho: huaminiwa kwa sababu ya muhuri wa mtendaji wa kijiji, si kwa sababu ya sura ya aliyeileta.

Mtengenezaji wa tovuti huhitaji cheti cha kujaribia kazi yake kabla haijatoka hadharani. Programu ya bure iitwayo mkcert humpatia. Akiandika amri mkcert -install katika dirisha la amri, programu huunda mamlaka binafsi na kuiingiza katika orodha ya kuaminiwa. Kazi hiyo ni halali.

Hatari iko wapi?

Mamlaka hiyo ina ufunguo wa siri, uliomo katika faili liitwalo rootCA-key.pem. Anayeunakili amepata muhuri: aweza kutengeneza cheti cha tovuti yoyote, na kompyuta hiyo itakikubali. Akiwa pia anadhibiti mtandao unaotumika, mathalani Wi-Fi ya dukani, aweza kusoma nywila zako huku alama ya kufuli ikionekana kama kawaida. Cheti cha mamlaka hiyo hudumu miaka 10.

Mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya kompyuta mpya za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo, Superfish, iliyoweka cheti cha namna hii. Ufunguo wake ulikuwa mmoja kwa kompyuta zote, na watafiti waliupata upesi.

Hatua za kuondoa

1. Ingia katika akaunti ile ile iliyotumika kuweka cheti, kisha fungua dirisha la amri.
2. Andika mkcert -CAROOT. Utaonyeshwa folda yenye ufunguo. Nakili anwani yake.
3. Andika mkcert -uninstall. Amri hii huondoa cheti katika orodha ya kuaminiwa, lakini haifuti ufunguo.
4. Futa folda uliyoonyeshwa, kisha safisha pipa la taka.
5. Mwisho kabisa, ondoa programu yenyewe.

Mpangilio huu usivurugwe. Ukianza kwa kufuta programu, cheti hubaki kikiaminiwa.

Kuhakikisha

Kwenye Windows, andika certmgr.msc na ukague orodha ya mamlaka kuu zinazoaminiwa. Pasibaki jina linaloanza na mkcert. Kagua pia orodha ya vyeti ndani ya Firefox, kwa kuwa kivinjari hicho kina orodha yake. Kwenye simu ya Android, tafuta sehemu ya vyeti katika mipangilio ya usalama, uangalie vilivyowekwa na mtumiaji. Usichokijua, kiondoe, isipokuwa simu ni ya mwajiri, hapo muulize kwanza.

Tunakushauri

Mwenye steshenari asiruhusu mazoezi ya utengenezaji wa tovuti kwenye kompyuta ya wateja. Mteja asikubali kuwekewa cheti kwa maelezo kwamba ni sharti la kupata intaneti. Kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ukishuku hivyo, badili nywila zako ukitumia kifaa kingine, ijulishe benki yako, na utoe taarifa polisi.

Swali la kujipima: Fundi amefuta mkcert mbele yako, akasema kazi imekwisha. Ni mambo gani mawili utamtaka akuonyeshe kabla hujamlipa?