Fuwele za Dawa: Kazi ya Joto na Kiyeyushi

Wasomaji wetu wa Lopur na Kakuma waijua vema homa ya malaria, ambayo huzidi baada ya mvua, Mto Tarach unapoacha vidimbwi. Dawa yake ya kale ni kwinini, itokayo katika maganda ya mti uitwao sinkona. Mti huo ulipandwa zamani huko Amani, Tanganyika, na katika Kongo mjini Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kwinini kwa miaka mingi.

Maganda hutoa kwinini iliyochanganyika na vitu visivyotakiwa. Yatengwaje? Gramu 1 ya salfeti ya kwinini yahitaji mililita 800 hivi za maji baridi ili iyeyuke. Katika maji yachemkayo, mililita 32 zatosha. Basi fundi huiyeyusha katika maji ya moto, huchuja, kisha huyaacha maji yapoe. Maji yaliyopoa hayawezi kuibeba dawa yote. Ile iliyozidi hujipanga safu kwa safu ikawa sindano nyeupe, nazo ndizo fuwele. Sehemu kubwa ya uchafu hubaki majini.

Haraka ni adui wa kazi hii. Maji yakipozwa ghafula, fuwele huwa ndogo mno na hufungia uchafu ndani yake.

Kiyeyushi nacho huchaguliwa kwa akili: sharti kiyeyushe kingi kikiwa cha moto, na kidogo kikiwa baridi. Si kila kitu hutii kanuni hiyo. Gramu 100 za maji baridi huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi ya kula, na maji yachemkayo gramu 39 tu. Ndiyo maana chumvi hupatikana kwa kukausha maji juani, wala si kwa kuyapoza.

Tena dawa moja yaweza kuwa na fuwele za namna mbili. Mwaka 1998 katika kapsuli za ritonavir, dawa ya kupambana na virusi vya UKIMWI, ilitokea namna mpya ya fuwele, ngumu zaidi kuyeyuka. Kapsuli hizo ziliondolewa madukani, na wagonjwa wakapewa dawa ya maji yenye ladha mbaya sana. Kapsuli zilizofuata zilitakiwa kutunzwa katika friji, jambo zito kwa zahanati zilizo katika joto kama la Lodwar. Kidonge cha ritonavir kisichohitaji friji kiliidhinishwa Marekani mwaka 2010.