Ukali na Kusahilisha kwa Maulamaa katika Kupima Hadithi

Tumeulizwa na ndugu zetu kadha wa kadha suala hili: Hadithi ni moja, lakini mwanachuoni huyu asema ni sahihi, yule asema ni dhaifu, na wa tatu asema ni ya kuzushwa. Je, tumfuate nani?

Suala hili halikuzuka bure. Limetokana na mizozo ya misikitini na mabarazani mwetu, hata watu waliosali safu moja wakatoka wasisalimiane. Mmoja ashika kitabu na kusema, "Imesahihishwa!" Mwenziwe ashika kitabu kingine na kusema, "Imezushwa!" Na wote wawili ni wakweli kwamba maneno hayo yamo vitabuni. Basi twaona yatupasa kulieleza jambo hili kwa kadiri ya nafasi yetu.

Jueni, ndugu zetu, ya kuwa hadithi haiwi sahihi kwa kuwa yapendeza masikioni, wala kwa kuwa imepigwa chapa. Hadithi hupimwa kwanza kwa sanadi yake, yaani mlolongo wa watu walioipokea mmoja kwa mwenziwe hata ikafika kwa Mtume wetu (S.A.W.). Kila mmoja katika hao huulizwa habari zake: Je, alikuwa mkweli? Hifadhi yake ilikuwa madhubuti? Alikutana kweli na huyo anayedai kumpokea? Kumtia mpokezi ila huitwa jarhi, na kumshuhudia uaminifu huitwa taadili.

Walioifanya kazi hii ni wanadamu, na tabia za wanadamu hazilingani. Wako waliochelea mno lisije likaingia katika dini neno asilolisema Mtume, wakawa wakali. Na wako waliochelea lisije likapotea neno alilolisema, wakasahilisha. Khofu zote mbili asili yake ni njema. Lakini maulamaa hawakuliacha jambo likaenda hivi hivi, bali waliwapima hata hao wapimaji.

Imam Dhahabi, aliyefariki mwaka 748 Hijria (1348), amewagawanya wapimaji mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wakali, kama Yahya bin Main na Abu Hatim Ar-Razi. La pili ni wenye kusahilisha, kama Tirmidhi, Al-Hakim na Baihaqi. La tatu ni wa kati na kati, kama Bukhari, Ahmad bin Hanbal na Abu Zura. Kisha akatoa kanuni: Mkali akimsifu mtu kuwa ni mwaminifu, ishike sifa hiyo kwa magego, kwani huyo hasifu ovyo. Lakini mkali akimtia mtu ila, tazama, je, wenziwe wamemuafiki? Ikiwa mwengine amemshuhudia uaminifu, basi ila ile haikubaliwi mpaka ielezwe sababu yake.

Kwa nini sababu itakiwe? Twatoa mfano. Shuba bin Al-Hajjaj, aliyefariki mwaka 160 Hijria (776), alikuwa bingwa mkubwa wa fani hii, naye alikuwa mkali. Alikwenda nyumbani kwa Minhal bin Amr, akasikia humo sauti ya ala ya nyuzi, akarejea asipokee kwake. Alipolisimulia jambo hilo aliambiwa: Mbona hukumuuliza? Huenda yeye hakuwa na habari! Na Bukhari amempokea Minhal huyo katika Sahihi yake. Lau tungelijua tu ya kuwa Shuba amemwacha, tungelidhani ana aibu kubwa. Ilipojulikana sababu, ilionekana haitoshi kumwangusha.

Na upande wa pili, mwangalieni Al-Hakim, aliyefariki mwaka 405 Hijria (1014), na kitabu chake Al-Mustadrak. Alikusudia kukusanya hadithi sahihi ambazo Bukhari na Muslim hawakuzitia katika vitabu vyao. Lakini Dhahabi alipokipitia alikuta humo nyingi zilizo sahihi kweli, na nyingi zilizo dhaifu, na kiasi cha 100 ambazo ni za uongo. Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), alimtolea udhuru kwamba aliiandika rasimu ya kitabu, na mauti yakamkuta kabla hajamaliza kukisafisha. Kwa hivyo mtu akisema, "Al-Hakim ameisahihisha," kisha akanyamaza, bado hajaleta hoja ya kutosha.

Wala msidhani kuwa mtu akiitwa mkali ni mkali wa kila jambo. Ibn Hibban, aliyefariki mwaka 354 Hijria (965), alisahilisha katika kuwakubali wapokezi wasiojulikana, kwani kwake yeye mtu asiyejulikana kwa ubaya ni mwema. Lakini huyo huyo mara nyengine alikuwa mkali kupita kiasi katika kutia ila. Alimvunja Aflah bin Said wa Madina, hali Ibn Main, ambaye ndiye mkali, amemsifu. Baadaye Ibnul-Jauzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria (1201), akayategemea maneno hayo ya Ibn Hibban, akaitia hadithi ya Aflah katika kitabu chake cha hadithi za kuzushwa. Na hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim! Ibn Hajar alilihisabu jambo hilo kuwa ni kughafilika kukubwa. Basi tazameni ukali usiochunguzwa unavyoweza kuitupa hadithi ya Mtume, kama vile usahilishaji usiochunguzwa unavyoweza kumsingizia neno asilolisema.

Sasa na tuitie kanuni hii katika hadithi iliyoenea mno katika miji yetu, ile iamrishayo kutafuta elimu hata China. Sanadi yake mashuhuri yapita kwa mtu aitwaye Abu Atika. Bukhari, ambaye ni wa kati na kati, amesema hadithi za mtu huyo ni za kukataliwa. Ibn Hibban amesema hadithi hii ni batili. Ibnul-Jauzi ameitia katika za kuzushwa. Pengine mtu atasema, "Hao wawili tumekwisha kuwajua ukali wao." Ni sawa. Lakini je, wenye kusahilisha wamesemaje? Baihaqi amesema ni mashuhuri, na sanadi yake ni dhaifu. Hata aliyehisabiwa katika wenye kusahilisha hakuisahihisha! Basi ikhtilafu yao ni katika kiasi cha udhaifu wake tu.

Ama kauli ya kuwa kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu, hiyo imekuja kwa njia nyingine nyingi. Imam Nawawi ameidhoofisha, ingawa maana yake ni sahihi. Na Al-Mizzi ameona kuwa njia zake zikikusanywa hufikia daraja ya hasan. Hapa ndipo penye nafasi ya kukhitalifiana bila ya kulaumiana. Na neno "na kila Muislamu mwanamke" ambalo wengi huliongeza, As-Sakhawi amesema halimo katika njia yoyote, japokuwa maana yake ni ya kweli. Asije mtu akalifanya hilo kisingizio cha kumzuilia binti yake kusoma, kwani hukumu ya "kila Muislamu" yamkusanya mwanamume na mwanamke.

Huenda mkasema: Je, Imam Ahmad na Abdur-Rahman bin Mahdi hawakupokewa wakisema kuwa katika fadhila za amali walisahilisha? Naam, wamepokewa hivyo. Na katika halali na haramu walikaza. Lakini usahilishaji huo una mipaka, naye Ibn Hajar ameitaja: udhaifu usiwe mkubwa, jambo lenyewe liwe chini ya asili iliyothibiti katika dini, na mwenye kulitenda asiitakidi kuwa Mtume amelisema kwa yakini. Ni wangapi miongoni mwetu wanaoitimiza mipaka hiyo wanaposimulia mimbarini?

Basi jawabu letu ni hili. Mkiambiwa hadithi ni sahihi au dhaifu, ulizeni: nani kasema, na kwa sababu gani? Msiichague hukumu ya mwanachuoni kwa kuwa yaafikiana na mazoea yenu, leo mkamfuata mkali na kesho mwenye kusahilisha, kwani huko ni kufuata hawaa, wala si kufuata elimu. Na msiyoyajua waulizeni wenye kuyajua. Na mkishuku, semeni "imepokewa," msiseme "Mtume amesema." Kumzulia Mtume kwa makusudi kumeahidiwa Moto, nayo ni hadithi iliyopokewa na Masahaba wengi sana. Na anayekataa lililothibiti kwake naye hakusalimika.

Wala msiwadharau Maimamu hawa, wakali wala wenye kusahilisha. Wao walisafiri miji kwa miji, wakautoa umri wao wote ili dini itufikie safi. Sisi tusiugeuze ukhitalifu wao kuwa silaha ya kupigana misikitini. Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki na atujaalie kuifuata. Wallahu aalam.