Damu Imetoka Safi, Mbona Vipimo Haviishi?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume alipandikizwa uboho India kwa kansa ya damu, ile sugu ya BCR-ABL. Dada yetu ndiye aliyemtolea. Hesabu ya damu hapa Tenke ni nzuri. Kwa nini daktari anadai vipimo kila miezi 3?

JIBU: Pole na hongereni, hasa dada. Hesabu ya damu haioni seli chache za kansa zilizobaki. Kansa hii ina alama yake: kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, ikazaliwa jeni ya BCR-ABL. Kipimo cha PCR huisaka hata ikiwa kwenye seli 1 kati ya 100,000. Alama hafifu miezi ya mwanzo isiwatishe. Cha kutisha ni namba inayopanda kipimo baada ya kipimo. Ikigunduliwa mapema, daktari anaweza kupunguza dawa za kukandamiza kinga, kurudisha vidonge kama imatinibu, au kumwongezea limfosaiti (chembe za kinga) za dada. Kwa kansa hii, njia hiyo ya mwisho hufanya kazi vizuri ajabu.

Huangaliwa pia damu ni ya nani: ya mdogo wako sasa inapaswa kuonyesha kromosomu za kike!

Ulizeni Lubumbashi kuhusu kipimo cha BCR-ABL. Mashine za GeneXpert, zile za kifua kikuu, hupima BCR-ABL zikiwa na katriji yake. RNA, ambayo ndiyo hupimwa, huharibika upesi, kwa hiyo mgonjwa mwenyewe asafiri, si chupa ya damu. Na mshikilie maabara moja.