Pombe, usukani na bima ya gari

Hapa New South Wales, mwenye leseni kamili haruhusiwi kuendesha akiwa na pombe kwenye damu ya kiwango cha 0.05 au zaidi. Mwenye L au P: sifuri kabisa.

Bima ya lazima, CTP, inahusu watu walioumia, si magari. Ukigonga gari la mtu ukiwa umelewa, hata bima kubwa inaweza kukataa kulipa. Deni hilo litakuwa lako.

Ukishahukumiwa, bima hupanda bei. Wakikuuliza kama uliwahi kufungiwa leseni, sema kweli. Ukificha, siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa hata kama hukunywa tone.

Hujaelewa barua ya bima? Piga 131 450, omba mkalimani wa Kiswahili kabla hujatia sahihi.