Mafunzo Sita Niliyopata kwa Kiyoyozi cha Chumbani kwa Baba

Baba alihamia kwetu Kigamboni mwezi Februari, joto likiwa limepamba moto. Chumba chake kinapigwa na jua la jioni, hakilaliki. Nikanunua kiyoyozi cha BTU 12,000 na kumwita fundi wa kwanza niliyempata. Usiku wa nne Baba akanigongea mlango: "Mwanangu, kuna kitu kinanuka." Ekstensheni iliyobeba kiyoyozi ilikuwa imelainika kama nta, tundu lake jeusi. Tulizima umeme wa nyumba nzima. Haya ndiyo niliyojifunza tangu usiku ule.

1. Kiyoyozi kipewe njia yake ya umeme.
Chombo cha ukubwa huu hula takriban wati 1,000 kikifanya kazi, na hufanya kazi usiku kucha. Ekstensheni nyembamba ya taa na chaja haiwezi kuubeba mzigo huo. Fundi wa pili, mwenye leseni ya ufundi umeme ya EWURA, alivuta waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye bodi, akaufungia breka na swichi yake, kisha akapima ethi. Gharama ya kazi hiyo haikufika hata robo ya bei ya kiyoyozi.

2. Gesi haiishi, huvuja.
Nilidhani gesi huongezwa kila baada ya miezi kadhaa, kama mafuta ya gari. Sivyo. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, pana tundu, na tundu huzibwa kwanza. Fundi mzuri pia huunganisha pampu ya kunyonya hewa yote mabombani kabla ya kuifungulia gesi, kwa sababu hewa na unyevu huua kompresa. Viyoyozi vingi vya sasa vina gesi ya R-32, ambayo inaweza kushika moto. Anapofungua mabomba, sigara na jiko vikae mbali.

3. Chumvi ya bahari hula vyuma.
Kompresa ya nje ni mzigo mzito unaoning'inia ukutani. Huku kwetu pwani kutu huanza mapema kwenye boliti na vishikio. Yetu tuliihamisha kutoka juu ya kibaraza ambapo watoto hucheza, na kila baada ya masika tunakagua vishikio vyake.

4. Umeme ukikatika, zima.
Umeme unaporudi, mara nyingi huja ukipandashuka. Sisi huzima kwenye swichi, tukasubiri dakika tano baada ya umeme kutulia. Kompresa inahitaji muda mgandamizo wa gesi ulingane kabla ya kuanza tena.

5. Baridi si hewa mpya.
Hili ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Kiyoyozi cha ukutani hupoza hewa ileile ya chumbani na kuizungusha. Hakileti ya nje. Baba hupenda kufukiza ubani usiku wa kuamkia Ijumaa, na chetezo huwekwa mkaa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu, inayoua mtu usingizini. Sasa ubani hufukizwa madirisha yakiwa wazi, chetezo kikatolewa nje, ndipo kiyoyozi kiwashwe. Jenereta nayo isikae karibu na dirisha.

6. Nyuzi 25 zinatosha.
Mwanzoni niliweka 18, Baba akaamka viungo vikimuuma na yuniti za umeme wa LUKU zikiyeyuka. Kwenye 25 analala vizuri.

Kila Jumamosi ya pili huzima breka, nikatoa chujio, nikaliosha kwa maji na kulikausha kivulini. Kabla ya kuzima, huweka kiganja kikavu juu ya kifuniko cha swichi. Siku nitakayokikuta cha moto, kiyoyozi hakitawashwa tena mpaka fundi afike. Baba alinusa mara ya kwanza. Sitaki alazimike kunusa tena.